Koti la Sherehe: Tazama Mabega Kwanza

Mavuno yakisha kuuzwa, barua za arusi huanza kufika nyumbani. Huyu aoza, yule amuaga binti yake, jirani ana komunyo ya kwanza ya mwanawe, na nyuma ya hayo yaja Noeli. Ndipo baba afunguapo sanduku akakuta koti lake limeliwa na nondo, au kijana wake amwambia kwamba amechaguliwa kuwa msimamizi wa bwana arusi naye hana la kuvaa. Fedha ya kahawa au ya pamba ni ile ile moja ya mwaka mzima. Ndani yake mna madaftari na sare za watoto, mna mbolea, mna bati la jiko linalovuja. Kwa hiyo ununuzi wa koti wataka akili.

Wengi huchagua kwa macho tu. Waona kitambaa king'aacho, ukosi wa hariri, rangi ya damu ya mzee, nao hutoa fedha papo hapo. Mimi niandikaye matangazo ya ndoa parokiani huwaona mabwana arusi wengi, na nakuambia: anza na mabega. Livae koti, lifunge kifungo, kisha simama ubavu kwa ukuta usogee polepole. Bega la koti likigusa ukuta kabla ya mkono wako, koti hilo ni kubwa mno. Mshono wa bega sharti uishe pale pale mfupa wa bega uishapo.

Sababu ni hii. Ndani ya bega mna pedi, mna kitambaa kigumu kinachoshika umbo, tena hapo ndipo mkono ulipopachikwa. Kulifumua bega ni karibu sawa na kulishona koti upya. Fundi wa kijijini, kwa heshima yake, aweza kukubali kazi hiyo, lakini mara nyingi koti hurudi limepinda. Kiuno hubanwa kwa urahisi katika mshono wa nyuma. Mikono nayo hufupishwa, ili shati lionekane kiasi cha sentimeta 1 kwenye kifundo cha mkono. Ila koti lililo fupi usilichukue kwa kutumaini kwamba litarefushwa, maana pindo la chini halina kitambaa cha kutosha.

Sasa twende mnadani. Tangu miaka ya 1980, biashara ilipolegezwa katika Tanzania, mitumba imeleta vijijini makoti ya sufi ambayo fundi wetu asingepata kitambaa chake. Waweza kupata koti jema kuliko jipya la dukani, lakini ligeuze ndani nje kwanza. Tazama makwapa, maana bitana huanza kuoza hapo. Tazama viwiko. Kisha pitisha kiganja juu ya ukosi na kifua: ukiona vijipovu, gundi iliyoshika kitambaa cha ndani imeachia, pengine kwa sababu koti lilifuliwa kwa maji. Hilo liache, hata wakikupunguzia bei; hakuna pasi ya kuliponya.

Kama muuzaji aapa kwamba ni sufi tupu, mwombe uzi mmoja wa mshono wa ndani, usogee pembeni mbali na nguo, uuchome. Sufi hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika kwa vidole. Poliesta huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Poliesta si dhambi, nayo haikunjamani upesi, lakini ndani ya turubai lililojaa watu, pwani ama bondeni, utalowa jasho kabla ya keki kukatwa. Ndugu zetu wa Njombe na Lushoto hawatajali sana neno hili.

Kwa rangi, nachagua bluu ya giza. Chini ya taa huonekana ya heshima, mchana haifokei watu, na yakubaliana na suruali ya kijivu na hata nyeusi. Koti la vimeta au la mahameli hupendeza katika picha za usiku mmoja. Arusi ya pili watu hulitambua, na ya tatu hulipa jina. Lakini wazee wanaowakemea vijana kwa makoti mekundu na wavumilie kidogo. Jina lenyewe la bleza husemwa latoka kwa wapiga makasia wa Lady Margaret Boat Club, chama kilichoanzishwa huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1825, ambao makoti yao yalikuwa mekundu ya kuwaka. Na ile desturi ya kuacha kifungo cha chini wazi yasimuliwa kwamba ilitoka kwa mfalme Edward wa Saba, ambaye tumbo lilimkataza kukifunga.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Kamati ya arusi huamuru wanaume wote wa ukoo washone makoti ya rangi moja. Mwenye nacho hushona, mwenye haya hukopa, na wa tatu hujifanya ana safari ili asiende kwenye arusi ya ndugu yake wa tumbo moja. Kwa nini kamati isiagize tai za rangi moja, au ua la kifuani? Na asiye na koti avae suti ya Kaunda iliyopigwa pasi vizuri. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia alipokea wageni wakubwa akivaa nguo hiyo bila tai, wala hakuonekana mshamba.

Ukishalipata koti, usilitundike kwenye msumari, maana huota pembe nyuma ya ukosi. Tumia hanga pana. Ukilianika lipate hewa, liweke kivulini. Ukitumia pasi ya mkaa, kung'uta majivu, tandika kitambaa chenye unyevu juu ya koti, kisha bonyeza na kuinua bila kusugua. Ila mahameli usiyakandamize kabisa.

Tena usingoje Desemba. Mwezi huo cherehani zote zimejaa sare za shule za Januari, na fundi atakuambia “kesho” mpaka kengele ya arusi ilie. Mpelekee koti mwezi wa Oktoba, nawe wakati wa kupimwa vaa shati lile lile na viatu vile vile utakavyovaa siku yenyewe.