Tunduma Yatufunza Nini Juu ya Kazi za Tiba?

Kila matokeo ya Kidato cha Nne na cha Sita yatangazwapo, katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba huzuka mjadala ule ule. Kijana aliyefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia huambiwa na wazee wake asome udaktari. Akitaja udaktari wa meno hutazamwa kwa mashaka. Akitaja maabara au afya ya mazingira huulizwa kama alama zake hazikutosha. Leo twawaalika wasomaji wetu, pamoja na ndugu wenye dhamana Serikalini, waitazame Tunduma, mji ulio mbali na bahari, ili tupime kama fikra hizo ni sahihi.

Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Ng'ambo yake ni Nakonde, nchini Zambia. Hapo hupita reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, na hapo hupita malori yatokayo bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo. Wasafiri hula hapo na kulala hapo, na maradhi nayo husafiri pamoja nao bila ya pasipoti.

Mwaka 2019 Tanzania na Zambia zilifungua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani ili kupunguza msongamano wa magari. Lakini mwezi Mei 2020, korona ilipoenea Nakonde, Zambia iliufunga mpaka huo kwa muda. Jengo jipya peke yake halikuweza kuyapitisha malori. Aliyehitajiwa kwanza siku zile hakuwa bingwa wa upasuaji. Alikuwa afisa afya wa mpakani, ampimaye msafiri joto na kukagua cheti chake cha chanjo. Na mtaalamu wa maabara, awezaye kusema kwa yakini nani ana virusi na nani hana. Daktari humtibu aliyekwisha lala kitandani. Hawa huzuia vitanda visijae.

Hatusemi kwamba madaktari wametosha. Mama aliyekwama katika uzazi usiku wa manane ahitaji mkono uliofunzwa upasuaji. Lakini ahitaji pia mkunga aliyeitambua hatari mapema, mtaalamu wa dawa ya usingizi, na damu iliyopimwa. Akikosekana mmoja, kazi ya wengine yaweza kupotea yote.

Na meno je? Mafunzo ya udaktari yalianza Dar es Salaam mwaka 1963. Ya udaktari wa meno yalingoja hadi 1979. Wengi wetu hata leo hulihesabu jino kuwa jambo dogo. Kumbe usaha wa jino bovu waweza kushuka shingoni na kuziba pumzi. Huko Arusha na Kilimanjaro, madini ya floraidi yaliyozidi katika maji huyaharibu meno ya watoto, na yakizidi sana hupinda mifupa. Daktari wa meno husoma miaka mitano sawa na mwenziwe, kisha wote hufanya mwaka mmoja wa mafunzo ya vitendo. Lakini akipelekwa mahali pasipo na kiti cha tiba, umeme wala maji safi, elimu yake yote huishia katika kung'oa.

Mtoto wa mnyonge naye asione haya kuanza na stashahada ya utabibu ya miaka mitatu. Zahanati nyingi za vijijini hushikwa na tabibu na muuguzi, na aliyeanza hapo aweza kujiendeleza. Shahada za uuguzi na ufamasia ni za miaka minne. Kwa wenzetu wa Visiwani, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar nacho chafundisha udaktari.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliihesabu tiba kuwa faradhi kifaya: wakiitekeleza wa kutosha, wengine husalimika, wakikosekana, lawama ni ya mji mzima. Akawalaumu watu wa zama zake waliosongamana katika elimu ya fikihi, huku miji ikikosa waganga. Lawama hiyo yatuhusu nasi, tusongamanapo katika kazi moja yenye heshima na kuiacha mitupu ile inayotuhifadhi.

Hata hivyo, kijana hawezi kulaumiwa peke yake. Wapo waliohitimu wakakaa nyumbani wakingoja ajira, ilhali zahanati zalia kwa uhaba wa watumishi. Serikali zetu mbili zina wizara mbili za afya, lakini maradhi hayaitambui mipaka ya wizara. Twaomba wapangaji watangaze wazi kila mwaka ni nafasi ngapi za kila fani zitajazwa na wapi; na mtumishi apelekwaye mpakani au kisiwani akute nyumba na vifaa.

Nanyi wazazi, kabla ya kumchagulia mtoto cheo, mtazameni tabia. Mwenye mkono mtulivu na macho makali huenda ni wa meno. Mwenye kupenda kuchunguza chanzo cha mambo huenda ni wa maabara. Mwenye subira na wagonjwa, na mwenye kuvumilia kukesha, huenda ndiye daktari au muuguzi tumtakaye. Taifa lahitaji wote hao, na kila mmoja mahali pake.