Kabla ya Sindano, Taja Vidonge Vyako

Tufikirie mama mmoja wa ng'ambo ya mto, huko Lubunga. Hatumpi jina, kwa sababu wako wengi wanaofanana naye. Asubuhi akiamka vidole vyake vimekazana kana kwamba vimefungwa kamba. Hawezi kushika mchi atwange sombe. Hawezi kufunga vifungo vya blauzi yake mpaka jua limepanda. Siku ya chanjo inapotangazwa anavuka mto kwa pirogi, anapanda toleka, anafika mezani pa wachanjaji. Kijana mwenye sindano anamwuliza:

"Mama, uko na ugonjwa gani?"

"Sina ugonjwa, mwanangu. Ni viungo tu."

"Na dawa gani unakunywa?"

"Si dawa. Vidonge vidogo tu, vya soko."

Kijana ana watu wengi wanaongoja katika mstari. Anaandika "hakuna", anachukua sindano. Basi, tungependa kuusimamisha mkono wake hapo kidogo. Labda sindano hiyo ni nzuri kabisa kwa mama huyu. Labda haimfai hata kidogo. Kijana hajui, na mama naye hajui kwamba angepaswa kusema.

Watu wa Kisangani hawaogopi sindano tangu zamani. Chini ya mto, huko Yakusu, munganga Clement Chesterman alifika mwaka 1920, akapigana na ugonjwa wa usingizi kwa sindano, na vijiji vilivyokuwa vikimalizika vikapata nafuu. Wazee waliyaona hayo kwa macho yao wakawasimulia watoto wao. Lakini kwa sababu hiyo wengi wetu tumebaki na wazo kwamba sindano zote ni ndugu wa baba mmoja. Sivyo. Na kwa mgonjwa wa viungo tofauti yao ni kubwa.

Kwanza tueleze ugonjwa wenyewe. Si kila maumivu ya viungo ni ya namna moja. Mzee ambaye goti lake limechakaa kwa kubeba mizigo miaka arobaini ana ugonjwa wake, nao hautibiwi kwa dawa tunazozieleza hapa. Tunasema juu ya baridi yabisi, ile inayoshika viungo vidogo vya mikono yote miwili, inayovivimbisha, inayokaza vidole asubuhi kwa muda wa saa moja na zaidi. Katika ugonjwa huu askari wa mwili wamekosea. Kazi yao ni kupiga adui aingiaye kutoka nje, nao wamegeuka wanapiga viungo vya mwenye nyumba. Wakiachwa hivyo, mifupa hulika na vidole hupindika, havinyoki tena.

Kwa hiyo munganga hutoa dawa ya kuwapunguzia nguvu askari hao. Iliyo kubwa kati yake inaitwa methotreksati. Hiyo hunywewa siku moja tu katika juma. Tunarudia: siku moja katika juma, si kila siku. Wako waliokosea wakainywa kila siku, wakapata vidonda kinywani, damu yao ikapungua, na wengine wakafa. Chagua siku, kwa mfano Jumatano, umwambie mtu wa nyumbani, aijue pamoja nawe. Wala mwanamke mwenye mimba asiinywe kabisa. Ziko dawa nyingine, kama prednizoloni, ambayo hutuliza uvimbe upesi sana. Haidroksiklorokwini ni pole zaidi, nayo haizuii chanjo. Vidonge vya kutuliza maumivu tu, kama parasetamoli na ibuprofeni, havipunguzi askari.

Sasa turudi kwenye vile vidonge vidogo vya soko, maana hapo ndipo watu wengi hunaswa.

Mwenye kuuza hukuambia ni dawa ya mgongo na viungo. Unakunywa jioni, na asubuhi unaamka umekuwa kijana. Unatwanga, unapalilia, unasema dawa hii imeshinda za hospitali. Mara nyingi ni deksamethazoni, ile ambayo watu huiita dekza. Nayo ni ndugu wa prednizoloni, ila ina nguvu nyingi zaidi. Miligramu 3 za dekza zina nguvu ya miligramu 20 za prednizoloni. Kidonge cha dekza cha nusu miligramu ni kidogo kama punje, lakini mtu anayemeza sita kwa siku amefika kwenye kipimo hicho. Na mtu akinywa kipimo hicho kwa majuma mawili au zaidi, waganga huhesabu kwamba askari wake wamelala. Yeye mwenyewe hajui. Anajiona mzima kuliko jana.

Kisha mashavu huvimba, na majirani husema, "Mama amenona, mambo ni mazuri." Wako hata wasichana wanaonunua dekza kwa makusudi ili wanenepe! Tunasikitika kuwaambia kwamba huko si kunona. Mashavu yanajaa, lakini mapaja yanakonda, mifupa inakuwa dhaifu, sukari inapanda katika damu. Hata hivyo, ewe unayesoma maneno haya na umekunywa dekza kwa miezi, usiitupe leo kwa hofu. Mwili hutengeneza dawa ya namna hiyo wenyewe, na ukipewa kutoka nje muda mrefu huacha kutengeneza. Ukikatiza ghafula unaweza kuzimia, hata kufa. Njoo hospitali na pakiti yako, upunguziwe pole pole. Usione haya. Heri kidonge cha soko kilichotajwa kuliko kilichofichwa.

Je, haya yanahusuje chanjo? Chanjo ni kuwaonyesha askari sura ya adui kabla hajafika, wamjue. Ile chanjo ya kukumbusha, ambayo wengine huiita rapeli, ni kuwaonyesha mara nyingine wasisahau. Lakini namna za kuonyesha ni mbili. Katika namna ya kwanza adui ameuawa, au ni kipande chake tu. Hiyo haiwezi kuzaana mwilini. Ndiyo chanjo ya pepopunda, ya homa ya manjano ya ini aina ya B, ya mafua makali, ya kichomi cha pneumokoki, ya kichaa cha mbwa, na ya polio ile ya sindano. Zile za Covid zilizotolewa Kongo kuanzia tarehe 19 Aprili 2021 ni za upande huu pia, kwa kuwa hakuna hata moja inayozaana. Katika namna ya pili adui yu hai ila amedhoofishwa. Askari wenye macho humshinda kwa urahisi. Askari waliolala wanaweza kushindwa naye, na chanjo ikawa ugonjwa. Za namna hii ni chanjo ya homa ya manjano ya mbu, ya surua, ya kifua kikuu ambayo hupewa watoto, na matone ya polio.

Basi, mwenye askari waliolalishwa na dawa asichanjwe chanjo iliyo hai kabla munganga hajakubali. Na chanjo isiyo hai? Hiyo haina hatari hiyo kwake. Tena anaihitaji kuliko jirani yake, maana kichomi na mafua humshika vibaya zaidi. Hapa makosa ni mawili, na tumeyaona yote. Mmoja ananyamaza na kupokea kila sindano. Mwingine amesikia kwamba "watu wa viungo hawachanjwi", anakimbia zote, hata ya pepopunda, naye analima kila siku bila viatu.

Mwaka 2021 hofu ilikuwa kubwa. Kongo ilikuwa imepokea dozi milioni 1.7 za chanjo ya Covid mwezi wa Machi, ikarudisha karibu milioni 1.3 ili zitumike katika nchi nyingine kabla ya kuharibika. Kati ya walioikataa walikuwamo wazee wenye dawa za viungo, na hao ndio waliokuwa na sababu kubwa ya kuipata.

Ni kweli kwamba askari wenye usingizi hujifunza pole pole. Huko Uingereza waganga walichukua watu 254 wenye kunywa methotreksati. Nusu waliendelea na dawa baada ya chanjo ya kukumbusha ya Covid, na nusu waliiacha kwa majuma mawili. Habari hiyo ilitangazwa mwaka 2022. Wale walioiacha walipata kinga katika damu karibu mara mbili ya wenzao. Lakini viungo vya wengine viliamka kwa muda na kuwauma. Kwa hiyo munganga wako anaweza kukuambia, "Mama, Jumatano mbili zijazo usimeze." Akikuambia, mtii. Asipokuambia, usijiamulie. Na neno hili ni la methotreksati peke yake. Prednizoloni haiachwi namna hiyo, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza.

Wengi hutuuliza juu ya kadi ya manjano ya safari. Mtu anataka kupanda ndege Bangoka, anaogopa kadi yake ya zamani, anasema nipigwe tena. Kadi hiyo haizeeki tena. Tangu tarehe 11 Julai 2016 sheria ya mataifa yote ni kwamba chanjo moja ya homa ya manjano yatosha maisha yote. Kwa hiyo kama ulichanjwa ukiwa mzima, kabla ya dawa za viungo, usikubali kurudiwa kwa ajili ya tarehe tu. Onyesha kadi. Tunamjua abiria wa aina hii: ameipoteza kadi, anaona ni rahisi kuchomwa upya kuliko kuitafuta ndani ya sanduku. Itafute, ndugu! Na yule ambaye hajachanjwa kamwe, tena yuko katika dawa zenye nguvu, munganga aweza kumwandikia barua kwamba chanjo haimfai, ingawa nchi aendayo ndiyo itakayoamua kuipokea au kuikataa. Mtu huyo ajilinde na mbu wa mchana, amwage maji yaliyotuama katika makopo na matairi yaliyo karibu na nyumba yake.

Kama bado hujaanza dawa za viungo, una nafasi njema. Mwambie munganga: "Nichanje kwanza." Chanjo iliyo hai hutolewa angalau majuma manne kabla ya kuanza, na isiyo hai majuma mawili, kama viungo vyaweza kungoja. Na aliyekwisha kunywa prednizoloni kwa kipimo kile kikubwa hungoja angalau mwezi mmoja baada ya kumaliza, ndipo apewe iliyo hai.

Tutaje pia chanjo ya mpox, maana Tshopo ni mojawapo ya majimbo sita yaliyowekwa mbele chanjo ilipoanza Kongo tarehe 5 Oktoba 2024. Chanjo hiyo, MVA-BN, imetengenezwa kwa kirusi kisichoweza kuzaana ndani ya mtu, nayo inafaa kwa mgonjwa wa viungo. Iko nyingine iliyotoka Japani, LC16m8, ambayo yenyewe huzaana. Hiyo haimfai. Kwa hiyo uliza: "Hii ni ya namna gani?" Si utovu wa adabu kuuliza.

Mbwa akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji mengi kwa dakika kumi na tano, kisha uende upesi. Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaanza hakuna dawa, kwa hiyo hapo hatujadili. Utachanjwa. Ila useme kwamba unakunywa dawa za viungo, upewe sindano zote bila kupunguziwa hata moja, pamoja na ile dawa ya kinga inayotiwa kwenye kidonda chenyewe, hata kama uliwahi kuchanjwa zamani.

Na watoto wa nyumbani? Wachanjwe wote. Kati ya 2018 na 2020 surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto. Nyanya asiyeweza kuchanjwa surua hulindwa na wajukuu waliochanjwa, na chanjo yao ya surua haitamrukia. Neno moja tu juu ya matone ya polio: kirusi dhaifu cha matone hutoka katika mavi ya mtoto kwa majuma kadhaa. Nyanya mwenye dawa za viungo amwachie mwingine kazi ya kumtawaza mtoto, au anawe mikono kwa sabuni kila mara.

Yule mama wa Lubunga, kama angetuuliza afanye nini kesho, tungemwambia hivi. Achukue mfuko mmoja wa plastiki usioingia maji, maana pirogi huvuja. Atie ndani kadi yake ya chanjo, pakiti za dawa zote hata zilizokwisha, na kile kikaratasi cha vidonge vya soko. Kama vilifungwa katika gazeti bila jina, alete kidonge kimoja. Akifika mezani aweke mfuko mbele ya kijana mwenye sindano kabla hajakunja mkono wa blauzi, amwambie, "Mwanangu, tazama hivi kwanza." Na kijana asipovijua, amwite munganga, mstari ungoje.