Mguu wa Kushoto Usio na Kazi

Katika Probox nyingi zinazopakia abiria Rumonge kwenda Bujumbura, mguu wa kushoto wa dereva hauna kazi. Umekaa pembeni, umepumzika. Pedali ni mbili tu, ya mafuta na ya breki, na mkono wa gia ukishatiwa kwenye D unaweza usiguswe tena mpaka Gitaza, pengine mpaka mjini. Aliyeendesha Peugeot 404 zamani, zile zenye mkono wa gia kwenye shina la usukani, alikuwa na shughuli nyingine kabisa: kila kona, kila daraja, kila ng'ombe aliyekatiza barabara, klachi inakanyagwa na gia inabadilishwa.

Waliojifunza udereva kwa Kifaransa husema ambreyaji na vitesi. Waliotoka upande wa Kigoma husema klachi na gia. Kitu ni kilekile, na kinawatoka wote wawili.

Husemwa kwamba gia ya mkono imeuawa na uvivu wa madereva. Kwa magari ya kwenda sokoni na kazini, sikatai. Lakini magari ya spoti yametengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda kuendesha, watu wasioona taabu kukanyaga klachi mara mia. Huko gia ya mkono haikuuawa na uvivu. Ilishindwa mbio.

Injini ya petroli hutoa nguvu zake nzuri inapozunguka kwa kasi fulani tu. Ikizunguka polepole mno inazima. Ikizidi mno inajiumiza. Sanduku la gia lipo ili injini ibaki kwenye kasi yake nzuri huku magurudumu yakienda polepole kupanda mlima au haraka kwenye tambarare. Klachi hutenganisha injini na sanduku hilo ili gia iweze kubadilishwa bila meno kusagana. Tatizo la mwanamashindano ni hapo: kila klachi inapokanyagwa, magurudumu hayapati nguvu. Dereva mzoefu hupoteza kama nusu sekunde. Barabarani hiyo si kitu. Kwenye mashindano, ukiihesabu kwa kila gia na kila mzunguko wa uwanja, ni ushindi uliotupwa.

Mwaka 1989 Ferrari walipeleka kwenye Formula 1 gari ambalo dereva alibadilisha gia kwa vidole, kwa vipande viwili vilivyowekwa nyuma ya usukani, na mashine ikafanya yaliyobaki. Nigel Mansell alishinda nalo mashindano ya kwanza ya gari hilo, Brazili. Porsche nao, katika miaka hiyohiyo ya 1980, walikuwa wakijaribu kwenye gari lao la mbio, 962, sanduku lenye klachi mbili. Klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa kwenye gia ya tatu, ya nne imeshaingizwa na inangoja. Kubadilisha ni kuachia klachi moja huku nyingine ikishika, na nguvu haikatiki. Mwaka 2003 Volkswagen waliuza sanduku la aina hiyo kwenye Golf R32, gari ambalo mtu angeweza kwenda nalo dukani. Tangu hapo mkono wa binadamu haukuwa tena na nafasi ya kushinda.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Nissan GT-R ya 2007 ilitoka na klachi mbili tu, ilhali Skyline GT-R zilizoitangulia zilikuwa za gia ya mkono. Ferrari waliacha mwanzoni mwa miaka ya 2010. Lamborghini Gallardo, iliyokoma kutengenezwa 2013, ilikuwa ya mwisho ya kampuni hiyo kuwa na klachi ya mguu. Corvette ya Marekani iliitupa gia ya mkono kwenye toleo la 2020. Wapenzi walilalamika, na wachache walisikilizwa: Porsche 911 GT3 iliyokuja 2013 bila klachi ya mguu ilirudishiwa mwaka 2017, na Toyota Supra iliyozinduliwa 2019 ikiwa otomatiki pekee ilipata gia ya mkono mwaka 2022. Gari likiwa la umeme, shauri limekwisha, kwa kuwa mota ya umeme ina nguvu tangu inapoanza kuzunguka, na magari mengi ya aina hiyo yana gia moja tu.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika historia hii. Datsun 240Z, gari la spoti lenye gia ya mkono, lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwenye tope lile, kuchagua gia kulikuwa nusu ya udereva.

Probox ya Rumonge haikupoteza klachi yake kwa sababu ya mashindano. Ilikuja hivyo kutoka Japani. Huko, tangu mwaka 1991, mtu anaweza kupata leseni ya magari ya otomatiki peke yake, na wanunuzi wengi wamehamia kwenye otomatiki. Sisi tunanunua yaliyotumika kwao, kwa hiyo tunanunua na uamuzi wao. Ndiyo maana usukani wake uko kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, na dereva anayetaka kulipita lori hulazimika kuchungulia kutoka upande wa mtaro.

Tambarare ya kando ya ziwa haioneshi tofauti kubwa. Barabara kuu namba 3 inafuata maji, na otomatiki huiweza vizuri kabisa. Tofauti huonekana ukiacha ziwa. Kutoka Bururi kushuka Rumonge, gari linateremka zaidi ya mita 1,000. Chukua gari ambalo pamoja na abiria na madumu ya mawese lina uzito wa tani moja na nusu. Nguvu inayotakiwa kuzuiliwa katika mteremko huo, ikigeuzwa yote kuwa joto, ingechemsha zaidi ya lita 40 za maji ya baridi. Upepo na matairi hula sehemu. Inayobaki lazima izuiwe na injini au na breki, hakuna mwingine wa kuibeba.

Dereva wa gia ya mkono alilijua hili mwilini. Alipangua gia kabla ya kushuka, injini ikalia, ikalishika gari, na breki zikabaki baridi kwa ajili ya kona na watoto. Dereva wa otomatiki anayebaki kwenye D hupata msaada mdogo mno wa injini, kwa sababu sanduku hupenda kupanda gia gari linapokwenda kasi bila kukanyagiwa mafuta. Breki zinafanya kazi yote. Zinapopata moto kupita kiasi, pedali inakanyagwa na gari halisimami.

Otomatiki yenyewe haina kosa hapo. Kwenye Probox nyingi za otomatiki kuna 2 na L chini ya D, na kuna kitufe kilichoandikwa O/D kinachozuia gia ya juu kabisa. Vimewekwa kwa ajili ya milima. Nimeona madereva wa miaka mingi ambao hawajawahi kuvigusa hata mara moja, kwa sababu hakuna aliyewafundisha gia ni nini.

Ukosefu wa mafuta umeongeza hatari. Katika miaka hii ya foleni ndefu kwenye vituo, wengi hushuka milima wakiwa wameweka N, wakiamini wanabana petroli. Kwa injini yenye sindano zinazoongozwa na kompyuta ni kinyume. Gari likishuka ndani ya gia bila kukanyagwa mafuta, kompyuta hukata petroli na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka N, injini inapaswa kunywa kidogo ili isizime. Unapoteza mafuta na unapoteza kizuizi. Na anayezima injini kabisa katika mteremko anaisimamisha pampu inayopeleka oili kwenye sanduku la otomatiki, na sanduku hilo linasagika kwa ukavu. Bamba la klachi fundi wa Rumonge hulibadilisha chini ya mwembe. Otomatiki iliyoungua kwa kawaida hutafutiwa sanduku jingine zima lililokwishatumika, kwa bei inayoweza kumaliza biashara ya mtu.

Kwa hiyo nawaomba wenye shule za udereva, kuanzia Nyanza-Lac hadi Bujumbura: msiuze zile gari zenu za klachi. Mwanafunzi aanze nazo hata kama hataendesha nyingine ya namna hiyo maishani mwake. Nawe unayeendesha otomatiki, ukitoka Bururi, tia 2 ukiwa bado juu, kabla barabara haijainama kuelekea ziwani.