Muziki wa Pwani ya Bajuni (5): Mahadhi Yasiyo na Maneno Nayo Yana Mizani

Tangu Somalia ilipokabidhi hati zake za kujiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, tarehe 4 Machi 2024, simu yangu haijatulia. Vijana wa Kismayo, na wenzao Wabajuni waliozaliwa Mombasa na Lamu, wamepiga hesabu yao. Tamasha la utamaduni la Jumuiya, JAMAFEST, limekwisha kufanyika mara kadhaa, zikiwemo za Kigali mwaka 2013, Nairobi 2015 na Dar es Salaam 2019, na mara zote hizo Somalia haikuwa mwanachama. Likiitishwa jingine, bendera yake itakuwemo, nao wanataka chini ya bendera hiyo isikike pia sauti ya visiwa vya Wabajuni, Chovai, Chula, Koyama na Ngumi. Basi wananitumia walichotunga. Na safari hii si nyimbo. Ni mapigo matupu ya udi, kinanda na ngoma, mara mojamoja na zumari, bila mwimbaji.

Nimefurahi mno. Ila majibu wanayopewa na sisi wakubwa yamenitia uchungu, na ndiyo sababu nimeisogeza mbele makala ya ngoma ya vugo niliyoahidi wiki iliyopita. Kijana anakesha na udi wake, anarekodi kwa simu, anatuma. Anachorudishiwa ni moja kati ya mawili. Ama ni "Mashaallah, tamu sana, endelea hivyo hivyo", ama ni "Mbona haina maneno?" Majibu yote mawili hayamfai kitu, maana hakuna hata moja linalomwambia afanye nini kesho asubuhi.

Hili linashangaza kwa watu kama sisi. Msomee mzee yeyote wa mwambao huu shairi, kuanzia Barawa hadi Unguja, naye atakusimamisha palepale: kina cha ukwapi umekilazimisha, utao wa mshororo wa tatu umepungua mizani, neno hili umelitia kwa ajili ya kujaza tu. Hatakuonea haya wala hatakutukana. Atakuonyesha mahali. Lakini mpigie mzee huyohuyo mahadhi yasiyo na maneno, atatikisa kichwa na kusema ni mazuri. Tumekuwa watu wa neno kiasi kwamba mahadhi yakivuliwa neno hatujui tuyashike wapi. Ninachodai ni kwamba mtungaji wa mapigo anastahili ukali uleule wenye adabu tunaompa mshairi, na kumnyima ukali huo ni kumdharau, hata kama tunamdharau kwa maneno ya sukari.

Hatukuwa hivi zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimkuta sultani akitembea chini ya miamvuli ya hariri yenye ndege wa dhahabu juu yake, na mbele yake zikipigwa ngoma na kupulizwa mabaragumu na zumari. Wengi hukumbuka wale ndege wa dhahabu. Mimi hukumbuka jambo analolieleza baadaye, na ambalo sijaona likitajwa vya kutosha: bendi ya sultani ilipokuwa ikipiga, hakuna aliyejongea. Aliyekuwa anatembea alisimama alipo, hakwenda mbele wala hakurudi nyuma, mpaka wapigaji wamalize. Najua ilikuwa heshima ya kifalme, na hofu ilikuwemo ndani yake. Lakini fikiri: mji mzima wa biashara, wapagazi, madalali, mabaharia, wote wamesimama wakisikiliza mapigo yasiyo na neno hata moja, tangu mwanzo hadi mwisho. Leo mtu anapewa kazi ya dakika nne, anasikiliza nusu dakika huku anakunywa chai, kisha anatoa hukumu.

Miaka 167 baadaye, mwezi wa Aprili 1498, Vasco da Gama alitia nanga Malindi. Mwandishi wa safari ile aliona pembe mbili za ndovu zilizochongwa, kila moja na kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu lililo ubavuni na kupatana vizuri na mabaragumu mengine. Ni siwa hizo. Wasomaji wa makala ya pili wanaijua siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, yenye urefu wa zaidi ya mita 2, na ile ya Lamu ya shaba, kwa hiyo sirudii. Naongeza moja tu. Mgeni yule alisikia kwamba zinapatana, akasema ni tamu, akaishia hapo. Hakusema siwa iliingia lini na baragumu likanyamaza lini, wala ipi ilishika sauti ya chini. Simlaumu, alikuwa mgeni aliyepita njia. Siwa si chombo chenye sauti nyingi, kwa hiyo ustadi wa mpulizaji wake ulikuwa katika kujua aurefushe mpulizo kiasi gani na aukate wapi. Haya yote yalijulikana na waliokaa karibu naye, wala hakuna aliyeyaandika. Sifa ya jumla ndiyo iliyobaki, na sifa ya jumla haifundishi mtu kupuliza siwa.

Nikitaka mfano wa kazi nzuri ya kusahihishana huitazama Unguja. Vikundi vya taarabu vya huko, Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958, vina desturi ya kufungua onyesho kwa bashraf, kipande cha ala tupu kilichotoka kwa Waturuki kupitia Misri. Bashraf ina vyumba vyake, vinaitwa khana, na baada ya kila khana wapigaji hurudi kwenye taslimu, kipande kilekile kinachowakutanisha wote. Khana moja yaweza kuhama kutoka maqam ya Rasti kwenda ya Hijazi, nyingine ikapanda juu hadi fidla zinalia, lakini taslimu inawangoja nyumbani. Mpangilio huo unamrahisishia hata msikilizaji wa kawaida kusema jambo la maana. Anaweza kusema: "Khana ya tatu imerudi kwenye taslimu kwa ghafla, sikuiona njia." Hiyo ni kauli ya mtu aliyesikiliza. Mpigaji wa kanuni akiisikia anajua ni wapi pa kugusa.

Wazee wa Lamu huniambia nisiwape Waunguja sifa zote, kwamba kibangala, ala ya nyuzi, kilikuwa kikilia Lamu kabla Unguja haijamwona mpigaji wa kanuni kutoka Misri. Naafikiana nao. Muhammad Kijumwa, mshairi, mchongaji na mwandishi wa miswada, alikipiga. Zein l'Abdin, aliyezaliwa Lamu mwaka 1939 na kufariki 2016, alikirithi kipaji hicho kwenye udi wake. Lakini Lamu nayo ina ila yake, na niitaje. Mashindano ya ngoma baina ya pande mbili za mji, Mkomani na Langoni, yalizaa watungaji hodari, na vilevile yalizoesha masikio yetu ubaya mmoja: kumsifu wa upande wetu hata akikosea na kumzomea wa upande wa pili hata akipatia. Naiona tabia hiyo ikiwaandama vijana hawa. Aliyetoka Faza anasifiwa na watu wa Faza. Wa Kismayo anakosolewa na wa Mombasa kwa kuwa Kibajuni chake kina Kisomali ndani. Ala haina lafudhi, jamani. Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali humwita baba wa muziki wao wa kisasa, alizaliwa Moshi, Tanganyika, mwaka 1924, na udi ulimwingia kwa njia ya Aden. Angepimwa kwa kijiji alichotoka, angewekwa upande gani?

Kwa Wabajuni wa Somalia jambo hili lina uzito zaidi. Vita vya 1991 viliwamwaga watu wa visiwa hadi kambi ya Jomvu, Mombasa, na kwingineko. Kisha kuanzia Agosti 2008 hadi mwishoni mwa Septemba 2012 Kismayo ilikuwa mikononi mwa al-Shabaab, na chombo cha muziki kilikuwa kitu cha kufichwa. Kijana aliyezaliwa 2005 hakupata baraza la mafundi la kukaa pembeni yake, akasikia mkubwa akimwambia mkubwa mwenzake "umeikimbiza". Alichopata ni simu. Kwa hiyo jibu lako moja, wewe uliye mbali, ndilo darasa lake lote.

Nichukue kazi moja, kwa idhini ya mwenyewe na bila kumtaja. Mtungaji ni kijana wa Kismayo aliyejifunza udi kwa kutazama video. Kazi ina dakika nne na ushei. Anafungua kwa taksimu ya udi katika maqam ya Bayati, polepole, kwa karibu sana na simu, hata unasikia risha ikigusa ubao. Nje inapita mashine ya boti, na hilo si kosa lake. Kisha kinanda kinaingia na mdundo wa chakacha, udi unashika mahadhi, linakuja fungu linalofanana na taslimu. Halafu anahamia Hijazi, anapanda, anapanda, na harudi tena. Udi unakoma ghafla, mdundo wa kinanda unaendelea peke yake kwa muda, kisha kimya.

Mzee mmoja alikuwa amekwisha kumjibu: hujui bashraf, rudi kwenye taslimu, na hicho kinanda kitupe. Kila neno la mzee lina ukweli ndani yake, na bado jibu lilikuwa baya. Fundi wa chombo akiitwa kutazama jahazi la mwenzake huuliza kwanza litabeba nini na litakwenda wapi, ndipo apime mbao. Nami nikamuuliza kijana: ulikusudia nini? Akanijibu kwamba ni safari ya babu yake, aliyetoka Koyama mwaka 1991 na hakurudi.

Sasa soma tena kazi ile. Kutorudi kwenye taslimu si upungufu, ndiyo maana yenyewe ya kazi. Angemsikiliza mzee, angeishona njia ya kurudia na kuua alichokitunga. Mtungaji wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, alianza mwaka 1990 kufundisha utaratibu ambao watazamaji husema kwanza kilichowagusa, kisha msanii ndiye anayeuliza, kisha wao huuliza bila kuficha hukumu ndani ya swali, na maoni huja mwisho, tena kwa ruhusa yake. Wengine wataona ni adabu za kigeni. Mimi naona ni adabu ya mtu yeyote aliyelelewa: huingii chumba cha mtu bila hodi.

Lakini kuuliza kusudi hakumaanishi kukubali kila kitu, na hapa ndipo walimu wapole wanapowapoteza vijana. Kusudi likishajulikana, ndilo linalokupa haki ya kuwa mkali. Kama babu hakurudi, msikilizaji lazima kwanza aipende nyumbani. Taslimu yake imepigwa mara moja tu, haraka, kabla sikio halijaizoea. Hatuwezi kuikosa tusiyoijua. Nikamwandikia hivyo, nikamtajia dakika na sekunde. Nikamuuliza pia kuhusu mdundo unaobaki baada ya udi kukoma: umeuacha kwa makusudi, au ulichelewa kubonyeza? Akakiri alichelewa, kisha akasema amekwisha kuupenda. Hapo sina neno, kazi ni yake.

Jambo la tatu ni la ufundi na halina kusudi la kujadiliwa. Sauti ya pili ya Bayati, ukianzia re, hukaa katikati ya mi na mi-bemoli. Udi hauna vikato shingoni, kidole kinaipata bila taabu. Kinanda cha kawaida hakina sauti hiyo, kwa hiyo kila mahadhi yanapopita hapo, udi na kinanda vinagombana, na chombo kikali zaidi kinashinda. Hicho ndicho alichokisikia mzee aliposema kitupwe, ila hakusema ni sauti ipi. Vinanda vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Waarabu vina mahali pa kuishusha sauti moja peke yake kwa senti 50, yaani robo ya sauti nzima. Nilimwomba akitafute kitufe hicho.

Amejibu juzi kwamba kinanda chake, cha kuazima, hakinacho. Anafikiria kukiachia mdundo tu na mahadhi ya pili ampe binamu yake wa Lamu apige kwa zumari, ambayo mpigaji wake huweza kuipindisha sauti hadi mahali pake. Wazo ni zuri, na lina tatizo lake: zumari itauzima udi wote ndani ya simu. Nimemshauri ampeleke binamu mwisho wa ua, ageuze mdomo wa zumari ukutani, na udi ubaki palepale ulipokuwa, karibu na simu kama mwanzo.