Usinunue baiskeli kwa rangi, chunguza fremu

HUENDA kijana wako ameanza kukusumbua umnunulie baiskeli nyepesi ya alumini. Anataka ya mbio, itakayopita kwenye barabara za vumbi, na tena fremu iwe imetengenezwa kwa kipimo chake. Likizo ikifika mnakwenda nyumbani Tawa, huko Mbooni katika Kaunti ya Makueni, naye anaota akiipanda milima hiyo bila kuhema.

Kabla hujatoa pesa, keti naye mzungumze kuhusu fremu. Huo ndio uti wa mgongo wa baiskeli. Tairi na cheni hubadilishwa, lakini fremu ikivunjika utabaki na vyuma vya kuuza kwa kilo. Na ikivunjika kwenye mteremko, hasara haitakuwa ya pesa tu.

Baiskeli anayoitaka ni ya mchezo uitwao saiklokrosi. Mchezo huu ulianzia Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka wa 1950. Washindani hupita kwenye matope, mchanga na vizuizi. Pasipopitika, hushuka, wakaitia baiskeli begani na kukimbia nayo. Mtu wa Tawa hatashangaa kusikia hayo. Mito mingi ya Ukambani hukauka ikabaki mchanga mtupu, na anayevuka na baiskeli hana budi kushuka aisukume.

Wala usidhani mbio za barabara za vumbi ni za wageni peke yao. Mwaka wa 2021 mashindano ya Migration Gravel Race yalianzishwa Maasai Mara, na Wakenya walishindana humo na wageni kutoka ng'ambo. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017, alifunzwa utotoni na David Kinjah huko Mai-a-Ihii, Kikuyu. Vijana wa Kinjah hufunzwa kuendesha baiskeli na pia kuzitengeneza kwa mikono yao. Hilo la pili ndilo wazazi wengi husahau.

ALUMINI AU CHUMA?

Alumini ina uzito wa takriban theluthi moja ya chuma cha ukubwa uleule. Hata hivyo, ugumu wake wa kutopindika pia ni theluthi moja. Ndiyo sababu mabomba ya fremu ya alumini huwa manene kuliko yale membamba ya Black Mamba ya babu. Unene huo ndio unaoipa nguvu.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa macho. Chuma kisipolemewa kupita kiasi kinaweza kuvumilia mitikisiko kwa miaka mingi sana. Alumini haina kiwango kama hicho. Kila shimo unalopita huichosha kidogo, na siku moja hupasuka. Watengenezaji wazuri hulijua hilo, na huongeza unene panapohitajika ili fremu idumu. Lakini ukinunua ya mitumba, hujui imetikiswa mara ngapi kabla haijakufikia.

Je, ikipasuka ukiwa Tawa, nani ataiunga? Fundi wa jua kali anayechomelea milango na makarai anaweza kuiunga fremu ya chuma ukaendelea na safari. Alumini ni jambo jingine. Yenyewe huyeyuka kwenye joto la nyuzi 660 hivi, lakini ngozi yake ya juu huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2,000. Ukiitia moto wa kawaida, inatoboka kabla haijashikana. Inahitaji mashine maalumu na gesi ya argoni.

Hata ikishachomelewa vizuri, kazi haijaisha. Alumini iitwayo 6061, inayotumiwa sana kwa fremu, hupoteza nguvu nyingi karibu na kiungo. Ili nguvu hizo zirudi, fremu nzima hutiwa katika tanuri la nyuzi zaidi ya 500, ikapozwa kwa ghafla, kisha ikapashwa tena moto mdogo kwa saa kadhaa. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini fremu moja ya alumini ya kipimo cha mtu mmoja ni ghali. Kiwanda hupasha fremu nyingi kwa pamoja, lakini fundi mmoja hana tanuri hilo. Mafundi wengi duniani wanaotengeneza fremu za kupimiwa hutumia chuma.

PIMA MWILI, SI MABOMBA

Kwa hivyo, mwenye mfuko mdogo anunue fremu ya alumini iliyo tayari, halafu airekebishe baiskeli imfae. Mwambie kijana asimame ukutani bila viatu, akiwa amebana kitabu katikati ya mapaja. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Zidisha urefu huo kwa 0.65. Akiwa na sentimita 80, bomba la kiti, tangu katikati ya pedali hadi juu, liwe karibu na sentimita 52. Akiisimamia baiskeli, bomba la juu liwe chini yake kwa sentimita 3 hadi 5. Tofauti ndogo zinazobaki huondolewa kwa kupandisha kiti au kubadilisha shingo ya usukani, na hivyo ni vipuri vya bei nafuu.

Isitoshe, kijana wa miaka 15 bado anakua. Fremu iliyokatwa kwa mwili wake wa leo huenda isimtoshe mwakani.

CHUNGUZA HAYA

Usilipe kabla hujaitazama fremu mchana, ikiwa imeoshwa. Pitisha kidole kwenye kila kiungo, hasa chini ya shingo ya usukani na palipo na ekseli ya pedali. Ufa mwembamba kwenye rangi ni ishara mbaya. Ikiwa imebonyea, iache. Hakikisha pia kiti kinapanda na kushuka, kwa sababu bomba la kiti likikaa miaka bila grisi hushikana na fremu lisitoke.

Tazama nafasi ya tairi. Sheria za mbio za saiklokrosi haziruhusu tairi ya upana unaozidi milimita 33, lakini kwa mawe na mchanga wa nyumbani ni afadhali fremu inayopokea 40.

Chagua yenye nyuzi za skrubu mahali pa ekseli ya pedali, ili fundi yeyote aweze kuifungua. Kile kipande kidogo kinachoshikilia gia ya nyuma kiwe cha kufunguliwa, kwani hicho ndicho hupinda baiskeli inapoanguka. Nunua cha akiba papo hapo. Tena kama baiskeli itabeba mzigo, fremu iwe na matundu ya kufungia keria. Usikubali keria ifungwe kwa waya.

UAMUZI NI WAKO

Kaeni kama jamaa mjiulize baiskeli hii itafanya kazi gani. Ikiwa itateka maji kwa mitungi ya lita 20 na kupeleka maembe sokoni, nunua ya chuma, hata kama kijana atanuna. Uzito wake utamchosha mlimani, lakini itamrudisha nyumbani. Ikiwa nia yake ni mbio, na yuko tayari kuiosha na kuikagua kila wiki, basi alumini itamfaa.

Wahenga walisema rahisi ghali. Pesa utakazookoa kwa kutonunua fremu ya kupimiwa, zitumie kwa tairi imara, breki mpya na kofia ya kumkinga kichwa. Kisha mpeleke kijana kwa fundi siku moja ajifunze kuifungua baiskeli yake na kuifunga tena, kwa kuwa huko Tawa fundi wa kwanza wa baiskeli hiyo atakuwa yeye mwenyewe.