Mfanyakazi Aliye Katika Talaka

Talaka haikai nyumbani peke yake. Humfuata mtu mpaka kazini. Karani aliyekuwa hakosei senti, leo ajumlisha safu moja mara tatu nayo yampotea. Tajiri huona uvivu, akakaripia, kisha akaandika barua. Sisi twaona hayo ni madhara juu ya madhara: nyumba imevunjika, na riziki yataka kukatika, na watoto wale wale ndio walao hasara mbili.

Katika Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 yataka, kwa kawaida, shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi kabla ya mahakama kuombwa talaka. Basi mtu huitwa, hungoja asubuhi nzima, akaambiwa arudi siku nyingine. Hayo si matembezi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 yampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, tena yakataza abaguliwe kwa hali yake ya ndoa. Tajiri ana dhara gani akipatana naye achukue siku chache humo, au aje adhuhuri na kufidia jioni? Wala asimwulize kosa ni la nani. Siri hiyo ikifika kwa makarani wengine, imekwisha fika sokoni.

Jambo linalowatatiza wengi ni eda. Aliyeachwa hukaa, kwa madhehebu ya Shafi, tohara tatu. Asiyepata hedhi, miezi mitatu. Mwenye mimba, mpaka ajifungue. (Miezi minne na siku kumi ni ya aliyefiwa, na watu huzichanganya mno.) Kwa kuwa Sura At-Talaq imeamuru asitolewe nyumbani wala asitoke, wako matajiri wanaomwachisha kazi mwanamke wakidhani wameitumikia dini. La, hasha! Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya khalati yake Jabir bin Abdillah, aliyekuwa katika eda ya talaka: alitaka kwenda kuchuma tende zake, mtu akamkemea, naye Mtume (S.A.W.) akamruhusu. Wanazuoni wa Shafi wamemruhusu aliyeachwa talaka isiyo na rejea kutoka mchana kwa haja yake. Mwenye talaka rejea yu bado katika hukumu ya mke, na matumizi yake yako juu ya mumewe. Kutoka kwake kwahitaji idhini ya mume, na likizuka shaka aulizwe kadhi, si msimamizi wa kiwanda. La tajiri ni kumwondoa katika zamu ya usiku, na kama kazi ni ya kushona, kumwacha achukue vitambaa nyumbani.

Mwanamume naye asisahauliwe, kwani yeye hunyamaza. Hukesha, na asubuhi aja na macho mekundu. Akiwa dereva, apewe kazi ya ghalani wiki mbili tatu, kwa mshahara ule ule, mpaka usingizi umrudie.