Mapadre Weupe katika Nchi ya Buha

Mchungaji anayepangiwa kazi Kasulu au Kibondo hukuta kazi ya Kanisa Katoliki iliyomtangulia kwa muda mrefu: parokia, shule, hospitali ya Kabanga. Nyuma ya kazi hiyo lipo Shirika la Wamisionari wa Afrika, ambalo wazee hulijua zaidi kwa jina la Mapadre Weupe. Wanafunzi wetu, wakiisha kusoma ibara ya 27 ya Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, huwa wepesi kuwahesabu mapadre hao kuwa miongoni mwa watawa ambao nadhiri zao zinakosolewa pale. Hukumu hiyo ni ya haraka.

Shirika liliasisiwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Aliwavika kanzu na joho jeupe la watu wa Afrika ya Kaskazini ili wasionekane wageni mno. Ni rangi ya vazi, wala si ya ngozi, iliyowapa jina. Hakuwawekea nadhiri za kitawa kama za Wabenediktini au Wafransisko. Wao huapa kiapo cha kuitumikia misheni maisha yao yote kwa utii, na useja wa mapadre wao ni ule ule uwapasao mapadre wa majimbo. Ibara ya 27 inapinga nadhiri kuhesabiwa sawa na ubatizo na kudhaniwa kustahilisha neema. Swali la Luther la mwaka 1521 juu ya ahadi za maisha laweza bado kuelekezwa kwenye kiapo hicho, lakini liulizwe juu ya jambo lililopo, si juu ya jambo tulilolidhania.

Msafara wao wa kwanza ulipita Bagamoyo mwaka 1878, ukagawanyika: wengine wakaenda Nyanza, wengine wakafika Ujiji Januari 1879. Ujiji, mji wa biashara ya pembe na watumwa, haukuwa udongo mwepesi. Huko Rumonge, kaskazini mwa ziwa, watatu waliuawa mwaka 1881. Mwaka 1885 walikabidhiwa Karema, nayo ikawa ngome yao. Upande wa pili, mwaka 1898, walifungua Muyaga, mashariki ya Burundi, si mbali na Buha. Na kwa kuwa Kirundi na Kiha ni ndugu, lugha ya huko haikuwa kikwazo kikubwa huku. Vikarieti ya Kigoma ilianzishwa mwaka 1946 chini ya Askofu Jan van Sambeek, Mholanzi aliyejishughulisha na sarufi ya Kiha. Ilifanywa jimbo mwaka 1953.

Lakini linalotuhusu zaidi ni kanuni mbili za Lavigerie. Ya kwanza: kituo kisikaliwe na wamisionari wasiofika watatu. Mchungaji wetu anayekaa peke yake, mwenye mitaa mingi na baiskeli moja, ataielewa kanuni hiyo bila maelezo. Ya pili: mtu mzima asibatizwe kabla ya miaka minne ya maandalizi, miwili ya majaribio na miwili ya ukatekumeni. Aliirudisha desturi ya Kanisa la kale, akiogopa ubatizo wa harakaharaka ambao baadaye huacha majina daftarini pasipo watu kanisani. Twaweza kubisha kwamba neema haingoji kalenda, na hoja hiyo ina nguvu. Hata hivyo, usharika unaombatiza mtu mzima baada ya majuma machache ya mafundisho unapaswa kueleza unamtegemea nani amlee baadaye.

Mwaka 1969 Kigoma ilipata askofu Mwafrika, Alphonse Nsabi, naye hakuwa wa shirika hilo. Wamisionari wenyewe walihamishia makao yao makuu Roma mwaka 1952, na mwaka 2010 walimchagua Mkuu wao wa kwanza Mwafrika, Richard Baawobr wa Ghana. Wengi wa vijana wanaojiandaa kuapa kiapo hicho leo ni Waafrika, na baadhi yao hutumwa Ulaya, kwenye nchi zilizowatuma wale wa kwanza.